Mjadala: Boljointi na tairodi za mtumba zikataliwe kwenye gari la kukimbiza?

Mleta mada, Sinza

Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha wenye Altezza, Mark X na Subaru kinaandika kanuni za kukagua gari kabla halijaingia eneo lililofungwa kukimbizwa. Nyingi zimepita bila ubishi: breki, mikanda, betri isiyocheza. Moja imetugawa: gari lenye boljointi, tairodi (fimbo inayogeuza tairi) au raki endi (kiungo cha tairodi na raki ya usukani) za mtumba lisiingie, hata kama zinaonekana nzima.

Mimi naunga mkono. Boljointi ni kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe chenye grisi, na juu yake kuna kava la raba. Kava likichanika, mchanga unaingia, grisi inatoka, chuma kinalika humo ndani bila wewe kujua. Ukiikuta mezani kwa muuzaji imeshafutwa na kupakwa grisi mpya, unachokiona ni usafi tu. Shokapu ikifa, gari linanesanesa, unapata taarifa. Tairodi ikichomoka kwenye kona, tairi moja linafuata njia yake na usukani unabaki kuongoza moja lililobaki.

Halafu magari haya hayalali uwanjani. Jumatatu asubuhi yako Morogoro Road, ubavuni kwake kuna bodaboda amebeba mtoto wa shule. Kwa hiyo msiniambie ni hiari ya mwenye gari.

Muuza spea, Ilala

Heshima yako mkuu, lakini hiyo "mpya" unayoisema ni ipi? Tairodi niliyoitoa kwenye gari lililochinjwa Japani ndiyo iliyokuja na gari kutoka kiwandani. Ile ya boksi linalong'aa, kwa nusu bei, hata anayeiuza hajui imetoka wapi. Chapa ya 555 ya Sankei ya Japani inaheshimika mpaka mikoani, na kwa sababu hiyohiyo inaigwa: boksi, stika, maandishi, kila kitu. Kanuni yenu itamtoa mteja kwenye mtumba halali na kumsukumia mpya feki. Mtakagua nini hapo, risiti? Anzeni na feki. FCC, Tume ya Ushindani, ipo, kupambana na bidhaa bandia ni kazi yake.

Mchangiaji, Kimara

Huyu anatetea meza yake.

Muuza spea, Ilala

Natetea, ndiyo. Lakini hoja yangu hujaijibu.

Fundi, Gerezani

Wakubwa, mnaongea kana kwamba boljointi zote zina kazi moja. Subaru Impreza mbele ina stratu ya MacPherson, yaani shokapu na springi kwenye nguzo moja: uzito wa gari unashuka kupitia springi na stratu mpaka kwenye habu, kitovu cha tairi, na boljointi ya chini inapambana na nguvu za breki na za kona. Altezza na Mark X zina wishiboni mbili mbele, yaani amu (mikono ya chuma inayoshika tairi) ya juu na ya chini, na shokapu yenye springi imekalia amu ya chini. Hapo boljointi ya chini ndiyo iliyobeba gari. Ikiachia, tairi linalala na fenda inaliangukia. Kwenye Altezza sifungi boljointi ya mtumba, mteja anune asinune.

Kwenye bushi pia, zile raba za maungio ya amu, sitaki mtumba. Altezza ya mwisho ilitoka kiwandani 2005. Piga hesabu bushi ya mtumba ya gari hilo ina umri gani, hata kama ilikaa stoo tu. Amu yenyewe ni chuma. Kama haijapinda wala kuliwa na kutu, nainunua mtumba na kupiga bushi mpya kwa presi.

Na hapa mafundi wenzangu tunawaharibia watu pesa. Bushi ya raba imegandishwa kwenye chuma chake, haizunguki, inajisokota. Ukikaza nati gari likiwa kwenye jeki, amu inaning'inia, na ukilishusha ile raba inabaki imesokotwa muda wote mpaka ichanike. Nati ya mwisho inakazwa gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Bushi nyingi ninazoambiwa ni feki, nikizichomoa naona wazi zilikazwa gari likiwa hewani.

Bushi za poliuretheni, plastiki ngumu, kina Whiteline na SuperPro wa Australia, watu wa mbio wanazipenda kwa sababu ni ngumu, tairi halihamihami ukikanyaga breki. Sawa, ila zile zinazunguka na zinataka grisi, zikikosa zinalia kama kitanda cha gesti. Na amu ya nyuma inayotakiwa kucheza pande kadhaa, ukiibana na poliuretheni inagoma. Huko acha raba.

Mchangiaji, Mbezi Beach

Mbona koilova, zile shokapu na springi za kushusha gari, hazijaguswa? Wengi ndiko tunakoanzia. Mtu anafunga springi za kilo 8 kwa milimita, gari linakwaruza kila tuta la Bagamoyo Road, na tairodi ni zilezile zilizokuja na meli. Mkiniuliza mimi, huyo ndiye wa kukaguliwa kwanza.

Fundi, Gerezani

Hapo umegonga penyewe, kaka. Impreza ikishushwa kupita kiasi, ncha ya nje ya amu inakuwa juu kuliko ya ndani, na pointi ambayo bodi inaizunguka ikilala kwenye kona inashuka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Yaani gari linataka kulala zaidi, springi ngumu zinaficha tu. Tairodi nayo imekaa pembe mbaya: ukikanyaga bonde, tairi linageuka lenyewe na wewe hujagusa usukani. Zipo boljointi za shingo ndefu za kurekebisha, na tairodi zake, vinafungwa pamoja. Kisha alaimenti, siku hiyohiyo. Watu wanalaumu tairi kulika upande mmoja kumbe baada ya kubadili tairodi hawakwenda kupima.

Mchangiaji, Kimara

Mwisho wake watabaki wenye pesa. Kijana wa Altezza moja ya kuungaunga atakaa nje anapiga picha.

Mleta mada, Sinza

Ndugu wa Kimara, aliyenunua matairi manne ya mbio asiniambie tairodi mbili zimemshinda.

Hoja ya Ilala naikubali nusu. Risiti haithibitishi kitu. Kwa hiyo narekebisha pendekezo: boljointi, tairodi na raki endi ziwe mpya, na bado kila siku ya kukimbiza zipimwe. Gari lipande jeki, tairi lishikwe juu na chini litikiswe, kisha kushoto na kulia, mtu wa pili akiwa ameshika kiungo chenyewe kwa mkono. Kikicheza, gari halikimbii, na sitaki kuonyeshwa boksi. Amu, habu na raki nzima za mtumba ziruhusiwe. Springi zilizokatwa kwa grinda sizijadili.

Muuza spea, Ilala

Raki nzima ya mtumba inakuja na raki endi zake ndani ya kava. Mtajuaje?

Fundi, Gerezani

Zinafunguka, mzee. Ni nyuzi za skrubu tu mwisho wa raki. Natoa za zamani, naweka mpya, nafunga kava jipya na klipu. Nikiwa humo natazama fimbo ya raki yenyewe. Ikiwa na kutu pale sili inapopita, hata nikifunga raki endi za dhahabu itavuja oili.

Muuza spea, Ilala

Basi siku ya ukaguzi nitakuja na mtumba wangu. Ninyi leteni hizo mpya mlizonunua Kariakoo, fundi azitikise zote mbele ya watu kabla hamjapiga kura.

Mleta mada, Sinza

Njoo nazo. Kura isubiri mpaka hapo.