Mrejesho: binti yangu na sanaa ya nguo

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kama binti yangu asome sanaa ya nguo chuoni au ashike ualimu kama shangazi zake walivyotaka. Ahsante uliyetuelekeza Neema Crafts, karakana ya kazi za mikono hapa Iringa mjini. Mafundi pale, wengi wenye ulemavu, walimwonyesha kufuma: mtande (nyuzi za urefu) unavyokazwa na mshindio (nyuzi za kukatiza) unavyopitishwa. Binti akagoma kutoka! UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) tumeiweka kando: shahada yao ya nguo iko upande wa uhandisi, na yeye kasoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), si sayansi. Ameanza cheti cha ushonaji na batiki. Juzi kaniharibia sufuria ya ugali kwa nta ya batiki, nikanyamaza. Ada nimelipa nusu. Mashangazi nao wameshaanza kuulizia batiki za bure.