Ramani za ndani ya gari zenye taarifa za foleni: tupeane uzoefu

Mkaazi wa Chumbageni
Habari za jioni, ndugu zangu. Leo jirani yangu kaleta gari lililotoka Japani, na alipoliwasha nje ya nyumba yetu, ile sauti ya mwanamke ikatukaribisha sote kwa Kijapani. Naomba wenye magari yaliyo na ramani kwenye dashibodi, hasa zile zinazosemekana kuonyesha foleni papo hapo, mtueleze zimewafaa nini katika njia zetu za Segera, Pangani na Bagamoyo.

Fundi Redio Ngamiani
Gari la jirani yako lina ramani ya Japani peke yake. Taarifa za foleni lililotengenezewa ni za mfumo wa huko uitwao VICS, ulioanza mwaka 1996, ambao hurusha habari kwa mawimbi ya FM na kwa vifaa vilivyofungwa kando ya barabara. Huku hakuna anayeyarusha mawimbi hayo, kwa hiyo hata skrini ikiwa nzima haitaona foleni kamwe. Redio yenyewe, kama ni ya zamani kidogo, huanzia 76 na kuishia 90, ndiyo maana stesheni zetu nyingi hazishiki mpaka ifungwe kifaa cha kuongeza masafa. Mwambie pia asikubali betri ichomolewe ovyo, kwani baadhi ya skrini hizo zikikatiwa umeme huomba diski ya ramani, nayo diski mara nyingi imebaki kwao.

Mama Sahare
Yangu imekuwa pambo tangu nilipobadilishiwa betri.

Dereva wa Segera
Mmenikumbusha jambo ambalo mke wangu hapendi nilitaje. Ilikuwa masika, kabla daraja jipya la Wami halijafunguliwa, nasi tulikuwa tukirudi Tanga kutoka Bagamoyo kwa gari la ofisi, ambalo ramani yake hupokea habari za foleni kwa laini ya simu iliyofungwa ndani ya gari lenyewe. Tulipokwisha kuvuka Wami, njia ya mbele kuelekea Mkata ikageuka nyekundu, kwa kuwa lori lilikuwa limelala likakinga barabara, na skrini ikatutolea njia nyingine: kata kulia Mandera, pita Miono na Mkange, shika Saadani, Mkwaja hadi Bweni, kisha Pangani na Tanga. Saa ya kufika iliandikwa kabisa, kumi na mbili na robo jioni.

Baada ya Mkange udongo mweusi ulianza kunata kwenye magurudumu kama ugali uliokosa maji, tukawa tunashuka kusukuma, huku sauti ikituambia kwa upole tuendelee mbele moja kwa moja. Kila tulipokwama ilisogeza saa ya kufika kwa dakika chache, bila haya. Giza lilitukuta hatujafika Mkwaja, mtandao umekatika, na katikati ya njia kuna kinyesi kibichi cha tembo. Bweni tuliingia usiku wa manane. Mto Pangani huo mbele yetu, taa za mji tunaziona ng'ambo, kivuko kimefungwa kwa upande wa pili, na kwenye skrini mto umekatwa na mstari ulionyooka kana kwamba pale pana lami. Tulilala garini na mbu wa mikoko. Abiria wa basi tuliowaacha kwenye foleni ile walishuka Kange, stendi ya mabasi ya Tanga, kabla ya isha.

Mwana wa Bweni
Pole, kaka. Lakini kivuko kutovusha usiku wa manane haikuwa siri, na njia ile wakati ule wa masika haikufaa kwa gari dogo. Mwendesha bodaboda yeyote wa Miono angekueleza.

Dereva wa Segera
Gari halikuwa dogo, ndugu yangu, na Mkange niliuliza. Niliambiwa, "Piteni tu, hapana neno, wenzenu wamepita asubuhi." Waliopita asubuhi walikuwa na trekta.

Kijana wa Makorora
Hiyo trekta imenimaliza. Tafadhali tueleze shemeji alisema nini.

Dereva wa Segera
Hilo silijibu hapa.

Mhasibu wa Raskazone
Tusilaumu bila kuelewa. Mahali gari lilipo hupatikana kwa satelaiti, ndiyo maana sauti iliendelea hata mtandao ulipokatika. Foleni ni habari nyingine: mifumo mingi ya siku hizi huikadiria kwa mwendo wa simu na magari yaliyopo barabarani. Mwaka 2020 msanii Simon Weckert alikokota simu 99 kwenye mkokoteni mjini Berlin, na mtaa mtupu ukaonekana mwekundu kwenye Google Maps. Huko Mkange ni kinyume chake. Pasipokuwa na simu za kutosha, mfumo hauoni tope wala tembo, na barabara isiyo na mtu huihesabu kuwa ni nyeupe.

Bi Mwalimu wa Muheza
Dawa ni nyepesi. Ingieni kwenye mipangilio, mchague kuepuka vivuko.

Msafiri wa Magogoni
Dawa hiyo ina madhara, mwalimu. Ukiiacha hivyo ukafika Dar es Salaam, utakuwa umesimama mlangoni mwa kivuko cha Magogoni na bado utazungushwa hadi Daraja la Nyerere ili uingie Kigamboni.

Dada wa Kaole
Mimi nazisifu. Nikitoka Bagamoyo asubuhi, nikifika Tegeta ramani huniambia kama mbele kumefunga, nami nakata Wazo, Madale na Goba. Mjini ina macho.

Mzee wa Mabokweni
Na tochi za trafiki za kupima mwendo je, ramani inaziona? Yangu iliandika 80 palipokuwa na kibao cha 50, na trafiki hakutaka kuiangalia skrini.

Mkaazi wa Chumbageni
Ahsanteni. Sasa jirani aifanyie nini hiyo skrini ya Kijapani?

Fundi Redio Ngamiani
Aje nimfungie redio ya Android, ila ile ya asili asiitupe, na aniachie muda wa kuzifuata nyaya za kamera ya nyuma, kwa maana kwenye magari mengine skrini ikitolewa kamera nayo hufa.

Kijana wa Makorora
Asitupe fedha. Simu na kishikio chake zinatosha.

Fundi Redio Ngamiani
Kishikio chako kilidondoka ukiwa Pongwe, ukaikanyaga simu mwenyewe, na kioo kipya nilikuwekea mimi. Bado sijalipwa.