Tupeane uzoefu: hadithi ya Maangamizi ya Wayahudi yenye mtoto asiyejua kinachoendelea, wewe ilikukutaje?

Wakuu, salaam. Nimekuwa nikisoma na binti yangu wa darasa la saba The Boy in the Striped Pyjamas ya John Boyne. Bruno ana miaka tisa, baba yake ndiye mkuu wa Auschwitz, kambi ya Wanazi ya kuulia Wayahudi, na rafiki yake Shmuel, mtoto wa Kiyahudi, yuko ndani ya uzio. Kuna mahali Bruno anambebea keki ya chokoleti mfukoni. Njia ni ndefu, njaa inauma, anamega, anamega tena. Kikibaki kipande cha kutia mdomoni mara moja, anaona si vizuri kumpa mwenzake, kitamtia hamu bure. Anakimalizia.

Mimi nilinyamaza, binti akacheka. Kwake ni mtoto mlafi tu. Sasa kinaya hiki kinamfikiaje asiyejua Auschwitz ilikuwa nini? Nyie ilikuwaje?

MwlFasihi: Bora huyo amecheka. Mimi kidato cha pili waliniuliza: kama Bruno alipenya chini ya uzio, Shmuel kwa nini asitoke? Jibu halimo kitabuni. Uzio wa kweli ulikuwa na umeme na minara ya walinzi, na watoto wengi wa Kiyahudi waliofikishwa pale waliuawa kwa gesi siku hiyohiyo. Januari 2020 Makumbusho ya Auschwitz wenyewe walisema anayesoma au kufundisha historia hiyo akiepuke kitabu hiki. Halafu mtoto wa ofisa wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, asiyejua Hitler ni nani? Kwenye insha zao, darasa zima lilimlilia Bruno. Shmuel, aliyeshikana naye mkono mle chumba cha gesi wanamofia wote wawili, hakutajwa hata na mmoja.

Mama Tatu: Mwalimu, kitabu chenyewe kimejiita hekaya. Unakidai vielelezo kama uko mahakamani.

MwlFasihi: Hekaya sawa, ila kambi ilikuwepo kweli.

Kibao cha Mbuzi: Mimi ni filamu, Life Is Beautiful ya Roberto Benigni, ya 1997. Tuliiangalia sebuleni na mzee. Kuna askari wa Kijerumani anasoma amri za kambi, Guido, baba Myahudi aliyefungwa na mwanawe, anajitolea kutafsiri na Kijerumani hakijui. Anamtungia mwanawe masharti ya mchezo: atakayefikisha pointi elfu moja atashinda kifaru. Tulicheka hadi machozi. Mzee akasema, "Na hao wengine mle bwenini, amri zenyewe watazijulia wapi?" Kicheko kikaisha. Hadi leo naipenda ile filamu, lakini onyesho lile siliangalii tena kwa raha.

Msomaji wa Usiku: Tafuteni Fatelessness, riwaya ya Imre Kertész wa Hungaria (1975). Yeye mwenyewe alipelekwa Auschwitz mwaka 1944 akiwa na miaka 14, na 2002 akapata Nobeli. Kijana wa kwenye riwaya hadanganywi na baba kama yule wa Benigni, anajidanganya kwa adabu na akili nzuri kabisa. Anashuka kwenye treni, anawaona wafungwa wenye nguo za mistari, anawadhania wahalifu. Daktari anayechagua wa kuishi na wa kufa ndiye anayemwona mtu wa kuaminika. Mbaya zaidi, anaanza kuwapima wenzake kwa jicho la daktari: huyu anafaa, yule mzee hafai. Nilikisoma kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Nyeri Kwetu: Mbona mmesahau ya kwetu? Nowhere in Africa, filamu ya Caroline Link iliyopata Oscar 2003, kutoka riwaya ya Stefanie Zweig aliyekulia Kenya baada ya familia yake kuwakimbia Wanazi. Regina, binti wa familia hiyo, anakishika Kiswahili upesi kwa Owuor, mpishi wao. Mama mtu aliambiwa alete friji, akaja shambani na gauni la jioni! Vita vilipoanza, Waingereza wakawazuia Wayahudi hao kama raia wa adui, akina mama na watoto wakawekwa Norfolk Hotel, Nairobi. Kwa mtoto ile ni hoteli ya kifahari. Nyumbani Ujerumani bibi na babu wamebaki.

Mwanzisha mada: Ya Kenya tutaiangalia Jumamosi. Mwalimu, lile swali la uzio binti ameniuliza jana usiku. Tumefungua ramani ya Birkenau, ile sehemu ya Auschwitz yenye vyumba vya gesi.