Nipo Tabora, nataka mafunzo kwa vitendo ya usanifu wa vitambaa

Wakuu, nachora vizuri kwa mkono. Kiwanda cha khanga na vitenge nipeleke nini?

Jibu: Mkuu, usipeleke michoro ya maua tu. Chora khanga kamili: pindo, mji (sehemu ya kati) na jina (maneno yaliyoandikwa), rangi zisizidi nne, maana kila rangi ina skrini yake (wavu wa kupitishia rangi kwenye kitambaa) na kila skrini ni gharama. Kwa kitenge, skrini ya mzunguko (yenye umbo la silinda) huwa na mzingo wa sentimita 64 hivi, kwa hiyo mchoro ujirudie kwa 64, 32 au 16. Ukiweka 30 hautaungana, na mstari utaonekana kitambaa kizima.

Jibu: Naongezea: rangi zipandane kidogo kingoni, la sivyo skrini ikihama weupe utachungulia. Hili wanafunzi wengi hawalijui! Viwanda vingi viko Dar, Morogoro na Arusha; andaa barua ya chuo na malazi mapema.