Karibu na wanapoyeyushia betri majani hayaozi na jongoo wameisha, tatizo nini?

Mkulima_Tanga: Wadau habarini. Nina kishamba nje kidogo ya Tanga mjini, pembeni kuna kichaka cha miti mikubwa na jirani hapo kuna watu wanavunja betri chakavu za magari wanayeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani kutengeneza vizito vya nyavu za samaki. Masika yamenyesha vizuri tu ila chini ya miti ile majani yamerundikana hayaozi, jongoo hakuna nyungunyungu hakuna, na upande wa pili wa shamba jongoo wamejaa mpaka wanapanda ukuta. Kuna uhusiano kweli?

Udongo_Hai: Upo mkuu. Jongoo, nyungunyungu na wale wadudu wa kijivu wa chini ya magogo ndo wanaosaga majani, kuvu na bakteria wanamalizia. Risasi ikitua na moshi inang'ang'ania tabaka la juu lenye mboji, na hapo ndo wanapokula. Uingereza kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha zinki na risasi pale Avonmouth, kimeacha kuyeyusha 2003, misitu ya jirani majani yalirundikana hivyohivyo na nyungunyungu karibu na kiwanda walitoweka.

Bint_Chumbageni: Sawa kaka ila pale Avonmouth kilichowamaliza nyungunyungu zaidi ni zinki, kwa huyu mimi nashuku na maji ya betri, wakishapasua si wanamwaga chini tu? Ile asidi peke yake inaua nyungunyungu, halafu inaifanya risasi iyeyuke kirahisi kwenye maji ya udongo. Wale wa kijivu usishangae ukiwakuta, wao wanaifungia risasi ndani ya ini lao wanaendelea kuishi, lakini atakayewala ndo anaibeba. Una kuku?

Mkulima_Tanga: Ninao dada, wanachakura humohumo kutwa nzima, na watoto ndo wanaokota mayai.

Bint_Chumbageni: Wafungie kuku leo leo, risasi inafika mpaka kwenye yai. Watoto wasicheze hapo kabisa, risasi inaharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo, na wanawe mikono kabla ya kula.

Mkulima_Tanga: Nikiyachoma yale majani je?

Udongo_Hai: Usichome, risasi haiungui, inabaki kwenye jivu na vumbi lake mnalivuta nyie. Yaache yalivyo yaendelee kuufunika udongo, mwaga chokaa kupunguza ile asidi, mchicha panda mbali, na nenda serikali ya mtaa wale watu wahamishwe maana wakiendelea kuyeyusha hapo chokaa yote ni bure.