Anayepita nyumba kwa nyumba kwa chama kidogo, alipwe posho au asilipwe?

Mleta Mada: Wakuu, hapa Dodoma kuna ubishi: chama kisicho na ruzuku ya serikali kiwalipe posho vijana wanaopita nyumba kwa nyumba kukiombea kura, au wajitolee? Msimamo wangu: nauli na maji, basi. Hela iliyopo itunzwe kwa ajili ya mawakala, wanaokilindia chama kura siku ya uchaguzi. Wao wanakaa kituoni tangu saa 1 asubuhi hadi kura zihesabiwe usiku, na wakala mwenye njaa hununulika kwa sahani ya wali.

Mzee wa Nkuhungu: Napinga. Jumamosi ndiyo siku ya kijana wa bodaboda kupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki. Bila posho atakuja siku mbili, ya tatu simu haipatikani. Au atakaa kijiweni akuletee orodha ya majina ya kubuni. Mnaimba "nyumba kwa nyumba, shuka kwa shuka" kwa hela ya nani?

Binti Chamwino: Shikamoo mzee wangu. Posho haiponyi orodha ya kubuni, inaizidisha. Mlipe kwa idadi ya nyumba uone, atajaza 60 akiwa chini ya mbuyu. Dawa ni mpangilio. Watoke wawili wawili, mwanamke na mwanamume, maana mama aliye peke yake hafungulii geti wanaume wawili. Mmoja aongee, mwingine aandike: tarehe, mtaa, alama (ndiyo, hapana, anasitasita) na kero moja, iwe maji au hati ya kiwanja. Kesho yake mratibu achague nyumba tano za kila jozi, azipitie mwenyewe. Uongo unajulikana hapo hapo. Na msiombe kadi ya mpiga kura hata kwa kuitazama tu! Mtaa mzima utasikia mnanunua kura, na mjumbe wa shina, kiongozi wa CCM wa nyumba chache za jirani, ndiye atakuwa wa kwanza kulisambaza.

Mzee wa Nkuhungu: Marahaba binti. La kadi sibishi. Saa je? Wapangaji wa huku wanarudi jua likizama, na kampeni mwisho saa 12 jioni.

Binti Chamwino: Jumamosi alasiri, na Jumapili baada ya ibada. Jozi ikianza saa 9, kwa dakika saba au nane kila mlango, inamaliza nyumba 20. Huku kwetu kaya zimetawanyika, ukipata nusu yake ushukuru. Oktoba watu wanasafisha mashamba kusubiri mvua. Ukifika asubuhi unakuta watoto na mbuzi.

Karani: Mnasahau karatasi. Posho ni gharama ya uchaguzi, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inataka itolewe hesabu. Vyama vidogo hurusha hela kwa simu, mwisho wa kampeni hakuna saini hata moja. Tena takrima, yaani zawadi za mgombea kwa wapiga kura, ilibatilishwa na Mahakama Kuu 2006, lakini mlangoni bado utaulizwa "mmetuletea nini?" Kijana afundishwe jibu kabla hajatoka: ilani, na kusikiliza kero.

Mleta Mada: Basi naongeza chakula cha mchana, kipikwe na wanachama. Hela isipite mkononi.

Mzee wa Nkuhungu: Chakula sawa. Ila pikipiki ya kwenda na kurudi kitongoji cha mbali inameza nauli ya jozi kadhaa za mjini. Hiyo unaikata wapi, kwa mawakala?