Chumba kinapiga kelele, nyinyi mnatuuzia ampu! Wauzaji wa spika ghali Nakuru na Kisumu, mtatukamua hadi lini?

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sitaomba radhi.

Mteja ananunua spika za Sh400,000, anazipanga sebuleni, akiongeza sauti kidogo tu kila "s" na "sh" inachoma masikio. Akirudi dukani anaambiwa ampu yake (kikuza sauti) ni kali, achukue ya valvu, ile ya taa za kioo, "inalainisha". Analipa tena. Makali yako palepale. Safari ya tatu anauziwa waya. Huu ni wizi wa mchana!

Hebu tazameni nyumba zenyewe. Mtaa wa Milimani wa Nakuru au wa Kisumu, hali ni moja: sakafu ya vigae, kuta za mawe zilizopigwa plasta, dirisha la kioo karibu ukuta mzima, dari ya jipsamu. Vigae na plasta hunyonya kama asilimia 2 tu ya sauti inayogonga. Jipsamu hunyonya besi kiasi, lakini sauti za juu inazirudisha karibu zote.

Pigeni hesabu ya Sabine, mwanafizikia aliyetupa kanuni ya mwangwi. Sebule ya mita 5 kwa 4, kimo mita 2.8, ina mita za ujazo 56. Zidisha kwa 0.161, unapata 9. Gawanya kwa jumla ya unyonyaji, yaani eneo la kila kitu mara kiwango chake cha kunyonya. Chumba kitupu chenye mita za mraba 90 na wastani wa 0.03 kinakupa mwangwi unaodumu sekunde 3.3. Kwa muziki tunataka 0.3 hadi 0.5. Kufika 0.5 unahitaji unyonyaji wa mita za mraba 18. Sofa na kijizulia cha katikati havifiki huko. Sasa niambieni, ni ampu gani inayonyonya hata nusu mita?

Hiyo ya valvu nayo haina ulainishaji wa kudumu. Ukinzani wake wa kutoa ni mkubwa, kwa hiyo sauti hupanda na kushuka kufuata ukinzani wa spika. Kwa spika moja itapunguza makali, kwa nyingine itayazidisha. Ampu huumiza masikio kweli pale inapoishiwa nguvu na kukata vilele vya mawimbi. Basi uliza kama inamudu spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani) bila kuchemka, maana spika nyingi za "omu 8" hushuka hadi 3 au 4 kwenye besi. Na kutoka wati 100 kwenda 120 usilipie. Hata ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu.

Kinachofaa kuulizwa dukani hakuna anayekijibu: grafu ya spika pembeni, kwa nyuzi 30, 45 na 60. Kwenye chumba cha vigae unasikia sana kile kilichogonga ukuta, si kile kilichokuja moja kwa moja. Wufa (spika ya sauti nzito) ya inchi 7 ikikutana karibu na 3 kHz na twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya inchi 1 isiyo na pembe, yaani bakuli la kuelekeza sauti, wufa tayari imebana sauti mbele, halafu twita inaimwaga kila upande. Pembeni panatokea nundu kati ya 3 na 5 kHz, palepale sikio lilipo jepesi zaidi. Tafuta twita iliyozamishwa kwenye pembe, grafu ikishuka taratibu. Mambo ya twita kuwa ya berili au hariri baadaye.

Na acheni kutusikilizisha kwenye chumba chenye kapeti ukuta hadi ukuta!

Dawa ni fremu za mbao za sentimita 60 kwa 120, ndani pamba ya mawe ya sentimita 10, nyuma nafasi ya sentimita 5. Nane zinakupa karibu mita za mraba 6. Mtu apitishe kioo ukutani wakati umekaa; unapoiona twita, hapo ndipo pa fremu. Kitambaa kijaribu kwa mdomo: pumzi isipopita, kama kwa kitenge chenye nta nyingi, hakifai. Trei za mayai tupa. Sponji ya sentimita 2 pia: inakula sauti za juu kabisa na kuacha besi ikivuma.

Mjumbe, Kisumu: Mkuu, umesema kweli, lakini mapazia mazito huku ni kupikwa. Na mwenye nyumba hataki msumari ukutani.

Mwanzilishi: Fremu zisimamishe kwa miguu, hazihitaji msumari. Dirisha lifungue: Sabine mwenyewe alipima unyonyaji kwa dirisha wazi, ndilo 1.0 kamili, na wavu wa mbu karibu hauzuii kitu. Shida itakuwa jirani.

Mjumbe, Kisumu: Na kupunguza trebo (sauti za juu) kwa desibeli 2 kuanzia 4 kHz kwenda juu?

Mwanzilishi: Inasaidia, ila mwangwi haufupiki. Fanya hivyo baada ya fremu. Na spika usilipie zote kabla hazijakaa siku mbili sebuleni kwako kwa amana. Duka likikataa, toka.